Leo Amesema Nini?

Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo kule Chang'ombe, na mie nilikuwa karani wa hesabu katika shirika moja la umma mjini. Tulipanga vyumba viwili Temeke, kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Kizaramo. Choo cha pamoja, bomba la pamoja, na umbea wa pamoja. Sote wawili kwetu Tunduru, Wayao, na mtoto Mungu alikuwa bado hajatujaalia. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia neno mhasibu hudhani mtu katoka kwenye nyumba ya vitabu na viti vya mito. Mie nilitoka kwenye nyumba ya mkeka, na shule nilisoma kwa ukaidi wangu mwenyewe.

Miaka ile, baada ya Azimio, mashirika yalikuwa yanazaliwa kila kukicha, na wahasibu wa kuyaendesha hawakuwapo. Ofisini kwetu kiti cha mhasibu mkuu kilikaliwa na wageni wa mkataba. Akiondoka huyu anakuja yule, na kila anayekuja ni mie niliyemwonyesha faili liko wapi, funguo ziko wapi, nani ni nani. Kisha ikaja mitihani ya bodi ya wahasibu, ili na sie tupate vyeti vyetu tukalie viti vyetu. Ofisi yetu ilipeleka watu kwa zamu, mmoja mmoja. Ukipewa zamu usitokee, zamu hiyo imekufa, unarudi nyuma ya wenzako wote. Na wenzangu wote walikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitakia mema katika jambo hilo. Basi zamu yangu ilipofika nilikitaka kile cheti kwa roho yangu yote. Nilikuwa nimechoka kuwaonyesha watu faili.

Ratiba ya kwanza niliiandika mwenyewe, ofisini, kwa rula na wino wa rangi mbili. Kila somo na jioni yake. Ilipendeza, hata nikaionea fahari. Ilikufa kabla wiki haijaisha, maana walishuka wageni kutoka Tunduru na magunia yao, na mgeni humwambii subiri nisome kodi. Nikaandika ya pili. Ikafa kwa sababu jirani alikuwa anamcheza mwanawe unyago, na ngoma ikakaa dirishani kwetu mpaka nikahisi imeingia tumboni. Ya tatu niliichana mwenyewe kwa hasira, na vipande nikavitupia jikoni kwenye makaa.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti anakunywa chai, ananitazama tu. Kisha akasema, "Mhasibu." Ndivyo alivyoniita, hata kabla sijafungua kitabu. "Mhasibu, umepanga utafikiri unaishi peke yako duniani."

"Basi panga wewe!" nikamjibu. "Si ndiyo wewe mjuzi? Panga!"

Akacheka. Mie nina hasira za karibu, na yeye alikuwa mtu wa kuziacha zipite kwanza. Siku ya pili alirudi kutoka kazini na karatasi kubwa ya kaki, ile ya kufungia majora ya khanga, akaitandaza mkekani, akailalia kifudifudi na penseli yake. Wala hakuniuliza nina masomo mangapi. Aliniuliza, "Lipi linapiga kelele?"

Nikamwambia sielewi anauliza nini. Akanieleza kwamba kiwandani mitambo yote haipewi huduma sawa. Ule unaopiga kelele unapakwa grisi mara kwa mara, kidogo kidogo. Ule unaokwenda vizuri unafutwa vumbi tu. Na upo ule mkubwa, usio na matata, ila una vyuma vingi, huo unafunguliwa mara moja kwa mwaka, vyuma vyote vinatandazwa chini, vinasafishwa, vinarudishwa.

Basi tukayataja masomo yangu hivyo. Hesabu za gharama ndizo zilizokuwa zinapiga kelele, akaziweka alfajiri, baada ya swala, karibu kila siku, kidogo kidogo. Kodi na sheria akazipa kufutwa vumbi. Ukaguzi wa hesabu haukunitisha, ila ulikuwa mrefu, kitabu chake kama tofali. Huo akauweka wote mahali pamoja, kwenye wiki ambayo nilikuwa nimeombea likizo. "Hapo tutaufungua wote," akasema, "tuutandaze chini."

Kisha akafanya jambo ambalo mie na rula yangu tusingelifikiria. Akayaweka ndani ya ratiba mambo yote yaliyoziua ratiba zangu. Siku ya foleni ya sukari aliandika: *Sheria. Inasomeka ukiwa umesimama.* Siku ya kufua: *Maswali ya mdomo, mie nauliza.* Siku yake ya mgambo: *Kodi. Mie sipo, kunywa chai kwanza.* Kila kisanduku alikiandika maneno yake, kwa mwandiko wake wa kukandamiza uliotoboa karatasi. Na kila mwezi akaweka siku moja aliyoiandika *Msiba.*

"We!" nikamwambia. "Unatuombea msiba?"

"Siombi. Lakini hebu niambie, mji huu umewahi kupitisha mwezi bila msiba? Utakwenda, huwezi kutokwenda. Sasa ukiupa nafasi yake, hautachukua nafasi ya kitu kingine."

Tuligombana kwa kisanduku kimoja tu. Siku ya kuamkia mtihani aliiacha tupu. Mie nikasema hapo turudie gharama. Akakataa. Nikasema basi hata nusu siku. Akakataa. "Mtambo uliotengenezwa unaachwa upoe," akasema. "Siku hiyo hakuna kitabu. Nitapanda basi mpaka Kunduchi nikachukue samaki, nitakaanga mwenyewe, tutakaa tu." Nikanuna. Akaendelea kuandika kisanduku cha mwisho, na alipomaliza akanisomea: *Mtihani. Nenda. Nakusubiri nje.*

"Utafukuzwa kazi," nikasema.

"Nitabadilishana zamu na mtu."

Tukaibandika ukutani kwa ugali uliobaki, juu ya kitanda.

Ilifanya kazi. Naapa ilifanya kazi. Miezi ile ya kipupwe nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma. Foleni ya sukari ikawa darasa langu. Watu wakinisukuma mie nasonga na kitabu usoni, mpaka wanawake wa mtaani wakanipa jina, Bi Sheria. Siku za kufua yeye alishika kitabu, nami nikajibu huku natwanga mashati kwenye karai. Kiingereza cha vitabu vile hakikuwa kinamwingia, lakini masikio alikuwa nayo. Ningejibu, naye angesema, "Hapo umesita. Rudia." Na kweli kila aliponiambia nimesita, jibu lilikuwa halijakaa sawa. Ilikuwa inaniudhi. Ningetoa kila nilicho nacho leo aniudhi tena mara moja.

Siku za *Msiba* zilizopita zilipata misiba yake. Wa kwanza mama wa balozi wetu wa nyumba kumi, wa pili mtoto wa jirani, maskini. Nilikwenda, nikakaa, nikarudi, na ratiba ikasimama palepale. Yeye akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

Kisha ikafika likizo yangu, wiki ya ukaguzi. Jumapili yake jioni alirudi kutoka kazini anatetemeka. Nikamfunika blanketi, nikampa vidonge, nikamkanda. Asubuhi joto lilikuwa limepanda, anaongea maneno ya kiwandani, anamwita mtu ambaye hayupo afunge mkanda. Tukampeleka hospitali. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Walijitahidi. Siku ya tatu, adhuhuri, mume wangu akafariki. Kijana wa watu, hata mvi hakuwa nayo. Inna lillahi.

Akazikwa jioni ileile, maana sie maiti hatumlazi. Wanaume waliporudi kutoka makaburini waliniambia kwamba mzee wetu alisimama pale kaburini akatangaza, kama desturi, mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa ndugu, deni la marehemu hulipwa na wenyewe. Hakuna aliyejitokeza. Wakaniambia kwa kunifariji kwamba mumeo kaondoka hadaiwi na mtu.

Sikulia. Nilikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, na kila aliyeingia alilia kwa sauti akaniangukia, nami nikampigapiga mgongoni kama msiba ni wake. Nilisikia wakinong'ona uani. "Mkavu huyu." "Msomi, si unajua." Mmoja akasema labda hakumpenda. Nilimsikia, na namjua, na salamu yangu kwake ilibaki ya mdomoni mpaka alipohama mtaa ule.

Mama yake alikuwa Tunduru. Tulimpelekea simu ya maandishi, lakini barabara ya kusini ilikuwa ndiyo ileile mnayoisikia, na kila mto na shughuli yake. Alifika siku ya kuondoa matanga. Mwanawe alikuwa ameshakaa ardhini siku kadhaa. Aliingia mlangoni na kikapu na jogoo, akauliza tu, "Wamemlaza wapi?" Akakaa chini palepale kwenye kizingiti alichozoea kukaa mwanawe, na jogoo mikononi.

Sasa siku ya kuondoa matanga watani nao wana haki yao. Mtani wa mume wangu alikuwa Mngoni mmoja wa Songea, fundi mwenzake, walikaa benchi moja kazini. Wangoni na Wayao wana utani tangu vita vya mababu, na mtani msibani hazuiliwi jambo. Yule bwana aliingia chumbani kwetu, akatoka amevaa ovaroli ya marehemu, kofia yake kichwani, na mikononi ameshika ratiba yangu. Alikuwa ameibandua ukutani.

"Mhasibu!" akaita, na sauti akaipata hasa, mpaka watu wakashituka. "Mhasibu, ukaguzi umefika wapi? Wiki nzima mnakula wali wangu, hakuna aliyefungua kitabu! Wayao bwana, wavivu, hata kufa mnakufa siku ya kazi!"

Watu wakaanguka kwa kicheko, vile watu wanavyocheka msibani baada ya kulia sana. Na mie nilicheka. Akaendelea, akajifanya ananisaili, "Haya, mizania ya vitumbua! Hapo umesita! Rudia!" Kisha akaikunja karatasi, akaibana kwapani, akatangaza kwamba anakwenda kuizika na mwenyewe mpaka apewe kitoweo.

Nilitaka kusimama. Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka, amejishika kifua kwa mkono mmoja, maana kwa dakika ile, kwa ovaroli ile na sauti ile, alikuwa amemwona mwanawe.

"Nini hicho unachochukua?" akamuuliza mtani.

"Maneno ya mwanao, mama. Aliyaandika yeye."

Mama akamtolea jogoo. Mtani akampokea, akamwinua juu watu wamwone, akavua kofia, akaweka ratiba miguuni pake. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, na huko tulimsikia akilia kwa sauti kubwa kabisa, peke yake na jogoo wake.

Jioni, watu walipotawanyika, mama mkwe akaitandaza karatasi mkekani kama alivyoitandaza mwanawe. Hakujua kusoma. Akapitisha kidole kwenye mwandiko, pale penseli ilipotoboa. "Hii ni nini?" Nikamweleza. Nikamweleza na mtihani, na zamu, na cheti, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba hayo ni mazuri, lakini mie niko eda, na mtihani unaangukia ndani ya eda.

"Mama, mwalimu wa madrasa anasema mchana, kwa shida, mtu anaweza kutoka."

"Anasema kwa shida. Kufiwa ndiyo shida, mwanangu. Mtihani utakuja mwingine." Akanishika mkono. "Mimi sikumzika. Sikumuosha, sikumwona uso. Eda yake ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo ya kumsimamia. Usininyang'anye."

Ningefanyaje? Mama wa watu amekuja na kikapu. Ningeweza kupigana na ofisi nzima, na wanaume wote wa idara, lakini siyo na yule. Kazini nikapeleka habari kwamba naomba likizo ya eda, na kuhusu mtihani nikasema bado sijajua. Wakanijibu kwamba jina langu litabaki mpaka siku yenyewe, ila nisipotokea wao hawana la kufanya.

Mama alibaki na mie, anisimamie. Asubuhi ya kwanza, baada ya swala ya alfajiri, nilikuwa nimekaa tu nautazama ukuta. Tulikuwa tumeirudisha ratiba mahali pake. Mama akaniuliza kutoka kwenye mkeka wake, "Leo amesema nini?"

Sikumwelewa.

"Hapo ukutani. Mwanangu, leo amesema nini?"

Nikatafuta siku. Nikasoma: "*Gharama. Usikimbie, nenda taratibu.*"

"Basi," akasema mama, "mbona umekaa?"

Nikafungua kitabu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Hakuniruhusu mtihani, lakini hakukubali siku ipite bila kusomewa neno la mwanawe, na neno likishasomwa sharti lifanywe. Leo amesema nini? *Kodi. Kunywa chai kwanza.* Basi alinipikia chai. Leo amesema nini? *Maswali ya mdomo, mie nauliza.* Hapo tulitazamana. Kisha akanipa kitabu nikishike mwenyewe, nijiulize na kujijibu kwa sauti, naye akageukia ukutani na tasbihi yake. Nikajiuliza, nikajibu, nikajiuliza tena. Katikati akasema bila kugeuka, "Hapo umesita."

Nikajua masikio yale aliyarithi wapi.

Nitasema kilichokuwa kinaendelea ndani yangu, maana watu walinisema sana na sikuwajibu. Mie nilikuwa sijafiwa bado. Kila asubuhi mume wangu alikuwa ananiambia la kufanya, nami nalifanya, kama alivyokuwa ananiambia akiwa hai. Watu wakija kunipa pole nilikuwa naona wanachelewesha. Na mama naye, nadhani, alikuwa hivyohivyo. Tulikuwa wanawake wawili tumekaa chumbani tunamweka mtu hai kwa karatasi ya majora.

Yule mtani alikuja kututazama mara kwa mara, na sukari kidogo akiipata. Siku moja aliiangalia ratiba akaona ile wiki ya ukaguzi imepita bila kuguswa. "Shemeji," akasema, kwa sababu utani alikuwa ameuweka kando, "hii mbona hujaihamisha? Hapa mbele ipo siku ya *Msiba*, na hii nyingine tupu. Sogeza ukaguzi hapa. Kiwandani mtambo usipofunguliwa siku yake tunautafutia siku nyingine."

"Hakuuweka hapo," nikamjibu.

"Lakini angekuwapo angeuhamisha."

"Hayupo!" Nilimfokea mpaka mama akashituka. Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka neno lile, na nililitamka kwa kumgombeza mtu. Yule bwana akainamisha kichwa. Sikuhamisha kitu. Sikutaka penseli yangu ipite juu ya mwandiko wake, na hata leo sijutii.

Siku ya *Msiba* ya mwisho ikafika. Mama akauliza kama kawaida, "Leo amesema nini?"

"Leo amesema msiba, mama."

Akaketi vizuri, akajitanda khanga. Siku ile hatukupika. Alinihadithia mwanawe alivyokuwa mdogo, alivyofungua saa ya babu yake akashindwa kuirudisha, akajificha kwenye ghala la mahindi mpaka alipotolewa na panya. Tulicheka. Mama alilia kidogo. Mie bado.

Vuli zikaanza. Visanduku vikapungua, nami nikawa naogopa kutazama kona ya chini ya karatasi. Suala la mtihani hatukulitaja tena. Ofisini walituma tarishi aulize, nikamrudisha na jibu lilelile, sijajua.

Ikafika asubuhi moja mvua inanyesha taratibu, bati linaongea. Mama akamaliza kuswali, akakunja msala.

"Leo amesema nini?"

Nikainuka, nikasogea karibu na ukuta. Nilikuwa najua, lakini nikasogea hivyohivyo.

"Leo hakusema kitu, mama."

"Vipi hakusema?"

"Hakuandika. Ni tupu."

Nikataka kumweleza kwamba tuligombana, kwamba mie nilitaka kuweka gharama, yeye akasema hapana, akasema atakwenda Kunduchi kuchukua samaki, atakaanga mwenyewe, tutakaa tu. Nilifika kwenye samaki nikashindwa. Mume wangu alikuwa amekufa. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akaja mbio na unga mikononi, wakafuata wengine, wakajaa mlangoni, na yule aliyesema labda hakumpenda naye alikuwapo. Nililia kwa yowe, nikaomba samaki wangu. Mama mkwe akanilaza mapajani, akaanza kuniimbia kwa Kiyao wimbo wa kubembeleza mtoto, na katikati ya wimbo akakatika, akalia na yeye. Tulimlilia siku ile kama aliyefariki asubuhi hiyo.

Alasiri wanawake walipoondoka tulikuwa tumelegea, macho yamevimba. Mama alikuwa anatazama karatasi.

"Kimebaki kimoja pale mwisho," akasema. "Kesho amesema nini?"

"Kesho ndiyo mtihani. Achana nacho, mama."

"Nimekuuliza amesema nini."

Nikasoma: "*Mtihani. Nenda. Nakusubiri nje.*"

Mvua ilikuwa imekatika, matone yanadondoka kwenye karai uani.

"Alikuahidi kusubiri?"

"Aliahidi. Alisema atabadilishana zamu."

"Na makaburini walisema hadaiwi na mtu." Akainuka, akaenda kwenye kikapu chake, akaanza kutoa khanga zake za kutokea, akizitikisa moja moja. "Wanaume hawajui kitu. Mwanangu anadaiwa. Ameahidi kusimama nje kesho, na deni la maiti linalipwa na wenyewe. Utakwenda umejitanda, hutasema na mtu njiani, jua likielekea kutua tuko ndani. Mimi nitasubiri nje."

Tulikwenda. Kwenye ukumbi wa mtihani wanaume wa idara mbalimbali walinipisha kama wanampisha mgonjwa. Mama akatandika khanga kwenye ngazi, kando ya lango, akakaa na tasbihi yake, ameuelekea mlango. Msimamizi alimfuata kumwambia kule ndani kuna benchi, mama akamwambia asante, ameambiwa nje. Siku zote za mtihani alikaa hapo, mvua na jua. Kila nilipotoka alinishika mkono tukaondoka, na hakuniuliza hata mara moja kama ulikuwa mgumu.

Matokeo yalipotoka, eda nilikuwa nimeshaimaliza. Gharama, ile iliyokuwa inapiga kelele, nilifaulu kwa alama nzuri. Kodi nilifaulu, sheria nilifaulu. Ukaguzi nilianguka. Ningefaulu vipi? Wiki yake nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Nikaruhusiwa kurudia somo hilo moja.

Mama mkwe alirudi Tunduru. Nilimsindikiza stendi, akanishika kichwa akaniombea dua. Aliniomba kitu kimoja tu, ile karatasi, nikampa. Wajukuu wa dada yake watamsomea, alisema. Nikarudi Temeke kwenye vyumba viwili na alama ya ugali mkavu ukutani.

Mtani aliniletea karatasi nyingine ya majora. Niliitandaza mkekani, nikailalia kifudifudi, nikapanga peke yangu. Niliufungua ukaguzi wote nikautandaza. Niliweka siku za foleni, siku za kufua, siku ya msiba kila mwezi. Siku ya kuamkia mtihani niliiacha tupu bila kugombana na mtu. Kisha nikafika kwenye kisanduku cha mwisho. Nikaandika *Mtihani.* Nikaandika *Nenda.* Nikabaki na penseli mkononi, maana hapo hapakuwa na mtu wa kumwandika.

Nilikwenda. Ukaguzi nilifaulu, na cheti nilikipata, na kile kiti nikakikalia miaka mingi. Lakini siku ile nilipotoka ukumbini, kwa mazoea, niliangalia kwanza kwenye zile ngazi za kando ya lango. Alikuwa amekaa mlinzi, anakula muhogo. Nikamsalimu, nikavuka barabara kwenda kungoja basi la Temeke.